PUNDA ALIYELALA CHINI YA MZIGO

Masomo: Kutoka 23:4–5, Marko 5:21–43, Wagalatia 6:2–5



Jumapili nikiwa mlangoni nawaaga watu, mama mmoja alinishika mkono akasema, "Pasta, hilo neno la punda liandike vizuri kwa karatasi, kwa sababu mzee wangu hakuja." Basi nimeliandika. Na nimeongeza jambo moja ambalo Jumapili niliogopa kulisema nikiwa madhabahuni. Mchungaji wetu mkuu amelisoma kabla ya kuchapishwa. Aliniuliza mara moja tu kama niko tayari watu wajue, nikamwambia niko tayari.

Sisi watu wa Kibirichia hatuhitaji kuelezwa punda ni nini. Mvua ikikuta viazi bado viko shambani, lori haliingii, na punda ndiye anayevitoa mpaka barabarani. Na kila mmoja wetu ameona siku ile punda anapokataa. Anapiga magoti kwenye matope, analala na mzigo wake wote, na mwenyewe anabaki akizunguka hapo na kamba mkononi, anaita watu. Ukipita njia hiyo unajua mambo mawili: ukisimama utachafuka, na utachelewa unakokwenda.

Sasa fungua Kutoka 23. Mungu anawapa Waisraeli sheria za mahakama, za mashahidi, za kutopokea hongo, na katikati ya hayo makubwa anaweka punda. Anasema ukimkuta punda wa mtu anayekuchukia ameanguka na mzigo, na moyo wako unataka kujipitia, usipite, mpe mwenyewe mkono. Naomba uangalie vizuri ni punda wa nani. Angekuwa punda wa shemeji yako tusingehitaji sheria. Huyu ni punda wa mtu anayekuchukia.

Na sheria haisemi umpende kwanza. Haisemi mkae chini na wazee mpatane, halafu ndio umsaidie. Wala haisemi uende nyumbani ukamwombee punda! Inajua kabisa moyo wako unasema nini na imeutaja: unataka kupita. Mungu anajua huyo mtu alikusema vibaya kwa mkubwa. Lakini mnyama amelalia mbavu na mzigo uko juu yake, kwa hiyo simama, shika upande huu wa gunia.

Wengi wetu siku hizi hatuna punda, tuna kazi. Wako hapa wanaoshika matatu alfajiri kwenda Meru mjini. Wako wanaokwenda Timau kwenye mashamba ya maua. Tuna walimu, tuna wa zahanati, tuna wa agrovet na wa M-Pesa, tuna vijana wanaopakia viazi. Hebu piga hesabu: mtu wa kazini unakaa naye saa nane kwa siku, siku tano au sita kwa juma. Unamwona kuliko unavyomwona mume wako akiwa macho. Ibada ya Jumapili ni saa tatu (najua, kwetu ni nne, nimesikia manung'uniko yenu). Kama imani yetu haionekani katika zile saa arobaini na nane, basi inaonekana wapi?

Mimi nilisomea biashara chuo kikuu. Mwalimu wetu wa uchumi alitufundisha kwamba kila saa unayotumia mahali pamoja ina gharama, na gharama yake ni kile ambacho ungekifanya mahali pengine. Ni kweli, na hadi leo naamini hivyo. Shida yangu ni kwamba nilichukua somo hilo nikalifanya dini. Nilikuwa na daftari ya kupanga siku kwa nusu saa nusu saa. Maombi yalikuwa ndani, kwaya ilikuwa ndani, kusoma Neno kulikuwa ndani. Mtu hakuwa ndani.

Sasa lile jambo.

Miaka tisa iliyopita nilikuwa na miaka 25, karani wa hesabu katika ofisi moja mjini Meru. Kampuni yenyewe siitaji. Tulikuwa na mama mmoja aliyesimamia stoo, mtu wa makamo, anavaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikisema ukweli wote, sikumpenda. Aliwahi kuniripoti kwa kuchelewa, na siku hiyo nilichelewa kweli, lakini nani anapenda kuripotiwa?

Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi, saa kumi na moja kasoro robo jioni, alikuja mezani kwangu na vitabu vyake viwili vikubwa. Hesabu ya stoo ilikataa kulingana. Vitabu vilionyesha magunia 16 ya mbolea zaidi ya yale yaliyokuwa ndani. Kwa bei ya wakati ule, shilingi 2,600 kwa gunia, hizo ni shilingi 41,600. Akaniambia, "Kijana wangu, nisaidie saa moja tu. Nimeangalia mpaka macho yamechoka. Jumatatu asubuhi wanataka majibu."

Nilikuwa tayari nimevaa koti. Nikamwambia, "Mama, leo nina kesha, na mimi ndiye naongoza maombi. Lakini usijali, nitakuombea."

Wapendwa, kesha lilianza saa tatu usiku. Mnaojua hesabu mmeshajua. Nilipanda matatu, nikafika nyumbani, nikala, nikalala kidogo, nikaamka nikaoga, nikapiga pasi shati. Nilikuwa na ile saa moja, na nyingine juu yake. Ila tu sikutaka kumpa yeye.

Jumatatu walimwita. Hakuwa na maelezo. Hawakumpeleka polisi, waliamua kumkata shilingi 5,200 kila mwezi kwa miezi minane. Mwezi wa tatu alishindwa, akaacha kazi, na kilichobaki kikakatwa kwenye malipo yake ya mwisho. Vitabu vyake vikaletwa kwangu. Nilivikalia asubuhi moja, na kwa dakika kama arobaini nikaona kosa. Karatasi moja ya kupokea mzigo, magunia 16, iliandikwa tarehe 14 na ikaandikwa tena tarehe 17. Hakuna mtu aliyeiba kitu. Ni macho ya mtu aliyechoka.

Nilimwambia mkubwa. Akasema jambo hilo limefungwa, mama ameshaenda, nisifukue makaburi. Nikanyamaza. Kazi hiyo nilikuwa nimeitafuta miaka miwili, na niliogopa kurudi mtaani. Hayo ni maelezo tu, sijitetei.

Nimehubiri habari za yule Msamaria katika Luka 10 labda mara kumi. Kila mara nilipofika kwa kuhani na Mlawi, niliwasema vikali sana. Nilikuwa nawasema kama watu nisiowajua. Lakini wale hawakuwa wanakwenda baa! Ni watu wa hekalu, watu wenye zamu na ratiba, labda hata wenye kesha. Mimi nilipita upande wa pili nikiwa na Biblia kwapani na neno "nitakuombea" mdomoni.

Hilo neno tulichunge. Sisi Wapentekoste tunaamini maombi, na mimi naamini, nimeona mambo. Lakini tumelifanya kama kufunga duka. Mtu anakuja na shida yake, unasema "nitakuombea," na maana yake ni kwamba tumefunga, rudi kesho. Kama kile anachohitaji kiko mikononi mwako na ni cha dakika arobaini, mpe dakika arobaini, halafu omba ukiwa kwenye matatu.

Tuone Bwana mwenyewe alifanyaje. Marko 5. Yairo, mkubwa wa sinagogi, anakuja anaanguka miguuni: binti yake wa miaka 12 anakufa. Yesu anaondoka naye. Hiyo ni safari ya haraka, ni ambulansi hiyo. Njiani mama mmoja aliyetokwa damu miaka 12 anagusa vazi lake, na anapona hapo hapo. Yaani kazi imeisha! Mtu aliyesomea biashara angesema tuendelee, huyu ameshahudumiwa. Yesu anasimama. Anauliza ni nani. Wanafunzi wanamwona kama mtu asiyeelewa, watu wote hawa wanasukumana, unauliza nani? Yeye anangoja. Na yule mama anakuja akitetemeka, anamweleza mambo yake yote.

Mambo yake yote! Miaka 12, waganga aliowaendea, mali iliyokwisha. Nyinyi mnajua mama mwenye shida ya miaka 12 akianza kueleza hamalizi kwa dakika mbili. Na Yairo amesimama hapo. Mnafikiri Yairo alikuwa anasema amina? Kabla Yesu hajamaliza, watu wanafika kutoka nyumbani kwa Yairo na habari kwamba mtoto amekufa.

Hapo nilikwama siku nyingi nikiandaa somo hili. Tunaposema Yesu alikuwa na muda kwa watu, tunasema kama vile muda ulikuwa hauna gharama kwake. Ulikuwa na gharama. Kusimama kwake kulimgusa mtu mwingine, na Yairo alisikia uchungu wa kweli njiani pale. Najua mwisho wa habari mtoto aliinuka. Lakini Yairo hakujua mwisho huo alipokuwa amesimama. Yesu alimwambia asiogope, aamini tu, wakaendelea na safari. Mtu anayesimama kumsaidia mwenzake kazini anaacha kitu kingine kikisubiri, na hicho kitu anamwachia Mungu. Ni imani hiyo, si tabia nzuri tu.

Dada mmoja wetu, yuko kwenye maua, anapanga na kufunga mashina, alinieleza jambo hili kabla hata sijaanza kusoma somo. Wanapewa hesabu ya siku. Ukipita hesabu unapata nyongeza kidogo, na mwezi wa Februari, wakati Wazungu wanapeana maua, hiyo nyongeza si ndogo. Msichana mpya akawekwa karibu naye, hajui kufunga, mashina yanavunjika, anakaripiwa, analia. Dada yetu aliacha meza yake mara mbili tatu kwa siku kumwonyesha. Juma hilo hakupata nyongeza. Aliniuliza, "Pasta, nilifanya vibaya? Kwa sababu hiyo pesa ilikuwa ya karo." Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia hakufanya vibaya. Lakini sitasimama hapa niwaambie Mungu alimrudishia mara saba juma lililofuata, kwa sababu hakunieleza hivyo. Alinieleza kwamba yule msichana sasa anafunga vizuri, na wanakula pamoja saa saba. Hata hajaja kanisani bado. Wala dada yetu hajamwalika, anasema hataki msichana afikirie alisaidiwa ili aalikwe. Nikaona huyo amenipita katika theolojia.

Wazee wa uamsho waliobaki kati yetu watakumbuka jina la Gahini. Ni Rwanda, juu ya ziwa Muhazi, kulikuwa na hospitali ya wamisionari na daktari Mwingereza, Joe Church. Mwaka 1929 daktari huyo alikutana Kampala na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, wakakaa pamoja wakisoma Neno na kuomba, na wengi wanahesabu hapo kama chimbuko la Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao miaka ya 1930 ulifika hata Kenya. Lakini mimi napenda zaidi habari ya mtu wa tatu. Yosiya Kinuka alikuwa msimamizi wa wafanyakazi pale hospitalini. Kazi ilikuwa inaenda vibaya, watu hawapatani, moyo wa huduma hakuna. Kinuka akafunga safari mpaka kwa Nsibambi, kama mtu anayekwenda kushtaki hali ya hospitali. Nsibambi akamrudishia yeye: ugonjwa wa hospitali hiyo umeanzia moyoni mwako. Kinuka alirudi Gahini mtu mwingine, akaungama, na mambo yakaanza kubadilika kuanzia kwa wale aliofanya nao kazi.

Yaani uamsho tunaouimba tukitokwa na machozi, sehemu ya mizizi yake iko wodini, kati ya watu waliokuwa wakipeana zamu na kununiana. Sisi tunaungojea ushuke siku ya mkutano wa hadhara, tukiwa na spika za kukodi.

Sasa najua kuna mtu anasoma akisema, pasta hajui watu wa kazini kwetu. Ukiwasaidia wanakupanda mgongoni. Nakusikia. Hata Paulo anakusikia. Wagalatia 6, mstari wa 2, anasema tubebeane mizigo. Mstari wa 5, hata hajapumua, anasema kila mtu abebe wake mwenyewe. Anajipinga? Hapana. Kigiriki kina maneno mawili tofauti, na Biblia yetu ya Kiswahili imejaribu kulionyesha: mstari wa 2 ni mizigo, mstari wa 5 ni furushi. Ule wa kwanza ni uzito unaomlemea mtu. Wa pili ni ule wako wa kawaida unaosafiri nao.

Vijana wa kupakia lori wanalielewa hili kuliko mimi. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Lakini mnajua wenyewe yale magunia ya madalali, yaliyoshonewa kilemba juu kwa kamba, kilo mia na zaidi. Hakuna kijana, hata awe Samsoni, anayejibebesha gunia hilo mgongoni peke yake. Mmoja anainama. Wawili wanainua, wanamwekea, wanahakikisha limekaa. Halafu? Halafu wanamwachia, anatembea mwenyewe mpaka kwa lori. Hawamfuati wakimshikilia njia yote, na yeye hakai chini akisema nipelekeeni.

Walimu wa Kiyahudi wa zamani waliangalia ile sheria ya punda kwa macho hayo hayo. Katika Mishna wanauliza: je, mwenye punda akienda kukaa chini, akakwambia, wewe ndiye uliyeamriwa, haya pakua? Wakajibu, hapo huna deni, kwa sababu Torati inasema umsaidie pamoja naye. Pamoja naye! Lakini wakaongeza kwamba kama mwenyewe ni mzee au mgonjwa, deni lako liko pale pale. Mimi naona hiyo ni hekima ya kutosha ofisi yoyote hapa Meru. Mwenzako anayekuachia ripoti yake kila Ijumaa akaenda kunywa chai, mwambie kwa upendo, lete kiti tukae wote. Akikataa kukaa, umemaliza. Lakini mwenye mtoto mgonjwa Kenyatta, au aliyefiwa, au ambaye macho yamechoka, huyo usimpimie.

Mengine nayapita haraka. Kumwandikia mwenzako kwenye daftari kwamba amefika kazini na hajafika si msaada, ni uongo mmefanya wawili. Kumfunika anayeiba stoo, vivyo hivyo. Muda wa mwajiri si wa kugawa ovyo, kama kazi yako inalala kwa sababu unasaidia kila mtu, ongea na mkubwa wako ajue. Na ndugu, ukibaki jioni kumsaidia dada wa kazini, mlango uwe wazi na mkeo ajue uko wapi.

Lakini wengi wetu hatusumbuliwi na kusaidia kupita kiasi, tusijidanganye. Na msaada ni kama viazi vya shangi. Mnaolima mnajua shangi haingoji, wiki chache stoo imeanza kuchipua, na dalali anajua hivyo ndio maana anachelewa makusudi. Saa moja ya Ijumaa ile ingemwokoa yule mama. Zile dakika arobaini nilizotoa baada ya miezi mitatu zilikuwa za kweli, hesabu ilikuwa sahihi, na hazikumfaa kitu.

Kwa hiyo juma hili nawapa kazi ndogo. Fika kazini dakika ishirini kabla. Usizitumie kwa simu. Angalia ni nani ameinama juu ya kitu ambacho hakiendi, umwulize, "Nishike wapi?" Usimpe trakti. Usimwambie pasta amenituma. Na kama wa kwanza kumwona ni yule aliyekuripoti, basi Mungu amekujibu haraka.

Na mimi pia nilikuwa na kazi yangu. Mwezi wa tano nilienda Makutano pale Meru, nilikuwa nimeambiwa anauza mboga. Nilimjua kwa miwani, uzi ni mwingine. Nikasema, "Muga, mama." Aliniangalia.

"Wewe si yule kijana wa hesabu?"

"Ni mimi, mama."

"Nasikia siku hizi ni pasta."

Nikakaa kwenye kreti, nikamweleza yote. Tarehe 14 na tarehe 17. Mkubwa alivyosema. Nilivyonyamaza. Alikuwa anakata sukuma wiki na hakuacha kukata. Wateja wawili walikuja akawahudumia, akarudi. Nilipomaliza aliweka kisu chini.

"Wacha nikuulize kitu kimoja. Ile usiku, uliniombea?"

Ningeweza kusema niliomba. Nani angejua? Nikamwambia, "Sikukuombea, mama. Nilisahau. Nilishika maiki nikaombea nchi nzima, wewe nikakusahau."

Alinyamaza muda. Akasema, "Miaka hii yote nilikuwa najua uliniombea na Mungu akakataa."

Wapendwa, sijawahi kusikia neno zito kama hilo. Pesa naweza kuhesabu. Hiyo miaka tisa ambayo mtu alimwona Mungu kama aliyemkatalia, kwa sababu ya ahadi niliyoitoa nikiwa nimevaa koti, sijui inahesabiwaje. Nilimwomba msamaha. Alisema atafikiria. Hajasema tena, na mimi sijamharakisha. Barua kwa ile ofisi nimeandika na kuipeleka kwa mkono wangu, na nakala za ile hesabu. Majibu bado.

Nilipokuwa nasimama kuondoka aliniita. Akasema wana chama pale sokoni, wauza mboga kumi na wanne, na daftari lao halijalingana tangu mwezi wa pili, na wameanza kushukiana. "Hesabu bado unajua?" Nikamwambia najua. Akasema, "Basi kuja Alhamisi. Lakini tutakaa wote, nataka nione unavyofanya."

Kwa hiyo Alhamisi sitakuwa hapa. Maombi ya saa kumi na moja yataongozwa na shemasi wa zamu, na ofisi ya kanisa ataifungua yeye. Mwenye jambo la haraka anipigie baada ya saa moja usiku, nitakuwa kwenye matatu.